Simu ya Mkopo na Imla ya Mdeni

 Wasikilizaji wapenzi, mazungumzo ya leo ni ya baraza hasa: ni mazungumzo ya kuuza na kununua, ya deni na ahadi.

Nataka tuzungumze juu ya simu ya mkopo. Naam, ile simu ambayo mtu huitoa dukani kwa kianzio kidogo, kisha akaendelea kuilipia kila siku, shilingi chache leo na shilingi chache kesho, mpaka muda wa mkataba utimie. Je, ni bei njema au ni bei mbaya? Na miongoni mwa mikataba mingi inayotangazwa katika kila pembe ya mji, mtu ataujuaje ulio nafuu kwake? Haya ndiyo maswali mawili nitakayoyashika jioni hii, nami nitayafikia kwa njia ya kisa.

Hapa Tanga, katika mtaa wetu wa Ngamiani, yuko jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, mpika vitumbua, ambaye moto wa jiko lake huwaka kabla ya adhana ya alfajiri. Miaka miwili iliyopita binti yake alimshauri ya kwamba wateja wa siku hizi, hasa wenye shughuli za arusi na maulidi, hupenda kuagiza kwa kutumiana picha na ujumbe, na kwamba kitochi chake, kilichomtumikia kwa uaminifu miaka mingi, hakiiwezi kazi hiyo. Akaenda dukani. Kijana wa mauzo akamwamkia kwa adabu, akamwonyesha simu mpya, na alipoulizwa bei akajibu maneno ambayo nadhani wengi wenu mmekwisha kuyasikia: "Mama, hii ni shilingi 1,200 tu kwa siku." Mama yule akahesabu vitumbua vyake, akaona shilingi 1,200 si fedha ya kumkosesha usingizi, akatoa kianzio, akapigwa picha pamoja na kitambulisho chake, akagusa kwa kidole mahali alipoambiwa aguse, akarejea nyumbani kwa furaha.

Alilipa vizuri miezi mingi. Kisha dada yake akafariki kule Pangani, naye akaenda mazikoni na kukaa matanga, na siku za msiba, kama mjuavyo, hakuna apikaye vitumbua vya kuuza wala akumbukaye deni la simu. Siku alipoitoa simu yake mkobani ili amwarifu mwenye arusi mmoja kwamba yuaja na vitumbua vyake vitakuwa tayari, aliikuta haipigi wala haipokei, na kiooni mwake mna maneno asiyoyaelewa. Akadhani imeingia maji. Alipofika mjini akaipeleka kwa fundi, na fundi akaitazama kidogo tu, akamrudishia, akamwambia, "Hii haijaharibika, mama. Imefungwa."

"Imefungwa na nani," akauliza, "nami ninayo mkononi?"

Mwenye arusi alikwisha kutafuta mpishi mwingine. Hasara ile ilimwuma jirani yangu, lakini lililonibakia mimi moyoni mpaka leo ni swali lake. Kitu kimo mkononi mwangu, nimekilipia siku baada ya siku. Ufunguo wake anao nani?

Wazee wetu waliijua rehani. Mtu aliyepatwa na shida aliuchukua mkufu wa dhahabu wa mkewe, akaupeleka kwa mwenye duka, akapewa fedha, na mkufu ukakaa sandukuni mwa mwenye duka mpaka deni lilipwe. Lilikuwa jambo zito, lakini lilikuwa bayana: kilichowekwa rehani kilionekana hakimo nyumbani, na shingo tupu ya mke ilimkumbusha mume kila asubuhi kwamba anadaiwa. Simu ya mkopo ni rehani ya namna nyingine kabisa. Hapa kitu cha rehani hukaa kwa mdeni, na mdai hukaa na kufuli, tena kufuli lisiloonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo mtu husahau. Huiona simu kuwa mali yake, huijaza picha za wajukuu na namba za wateja, hujenga juu yake riziki ya nyumba nzima, ilhali mkataba, ambao yeye hakuusoma, umempa mtu mwingine uwezo wa kuizima saa yoyote kabla ya shilingi ya mwisho.

Kununua kwa malipo ya kidogo kidogo si jambo geni duniani. Kampuni ya Singer ya Marekani ilianza kuuza vyerehani vyake kwa njia hiyo mwaka 1856, na vyerehani vya jina hilo mafundi wetu wa nguo wanavifahamu vizuri. Huko Uingereza desturi hiyo ilienea katika nyumba za wafanyakazi hata ikazaa dhuluma, kwa kuwa walikuwako wauzaji waliomwacha mnunuzi alipe karibu bei yote ya samani zake, kisha alipokosa malipo machache ya mwisho wakatuma watu waje wamnyang'anye, wakamwuzia mwingine kitu kile kile. Mbunge mmoja mwanamke, Ellen Wilkinson, alipeleka muswada bungeni, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria iliyosema ya kwamba mnunuzi akisha kulipa thuluthi ya bei, muuzaji hana ruhusa ya kukitwaa kitu chake ila kwa amri ya mahakama. Angalieni neno hilo, thuluthi. Sheria ile ilikubali kwamba mtu aliyelipa sehemu kubwa amekwisha kupata haki fulani katika kitu kile, ijapokuwa hajakimaliza, na kwamba haki hiyo haifutwi na ugonjwa wa wiki moja.

Kwa nini nimewakumbusha habari za mbali na za zamani? Kwa sababu katika siku zile, muuzaji aliyetaka kumnyang'anya mtu alihitaji mkokoteni na watu wenye nguvu, tena alihitaji kupita mbele ya majirani wanaotazama. Leo haji mtu. Kufuli la kutoka mbali lilizoeleka kwetu kwanza katika taa: mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza nchini Kenya mitambo midogo ya umeme wa jua inayolipiwa kila siku kwa M-Pesa, na mtambo ambao malipo yake hayakufika hautoi mwanga mpaka yafike. Baadaye fikra hiyo ikahamia katika simu, na mwaka 2020 Safaricom wakishirikiana na Google wakaanzisha huko huko Kenya mpango ulioitwa Lipa Mdogo Mdogo, uliotangazwa kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Siisemi vibaya mipango ya namna hii. Imewafikisha watu wengi mahali ambapo mifuko yao isingewafikisha, na taa iliyolipiwa kidogo kidogo ni bora kuliko koroboi na moshi wake. Ninalosema ni kwamba kufunga kumekuwa kwepesi mno, na kwa kuwa kufunga ni kwepesi, ni wajibu wetu sisi wanunuzi tuwe wazito wa kukubali.

Sasa tuje kwenye hesabu, nami nawaahidi haitakuwa ndefu. Tuseme simu inauzwa taslimu kwa shilingi 250,000. Kwa mkopo, kianzio ni shilingi 50,000, na malipo ni shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mmoja. Zidisheni 1,200 kwa siku 365, mtapata 438,000. Ongezeni kianzio, mtapata 488,000. Narudia kwa wale waliokuwa wakihudumia wageni: taslimu 250,000, kwa mkopo 488,000. Simu moja imelipiwa fedha inayokaribia kununua simu mbili. Je, kijana wa mauzo alisema uongo? La, hakusema uongo. Alisema kweli ya siku moja, na mkataba ni wa siku 365.

Kuna jambo jingine linalowapoteza wengi. Duka la pili laweza kukuambia, "Sisi ni shilingi 900 tu," nawe ukafurahi ukidhani umepata nafuu. Uliza, ni shilingi 900 kwa muda gani? Ikiwa ni mwaka mmoja na nusu, kwa kianzio kile kile, utakuwa umetoa zaidi ya shilingi 540,000. Malipo ya siku yamepungua, bei imepanda. Kwa hiyo, ndugu zangu, mikataba ya simu hailinganishwi kwa siku. Hulinganishwa kwa jumla. Wekeni mbele jumla, na pembeni yake wekeni bei ya taslimu, ndipo mtakapoona ni kiasi gani mnatozwa kwa ajili ya kutosubiri.

Na kusubiri kwenyewe ni jambo la kupimwa, si la kudharauliwa. Yule mwenye shilingi 50,000 mkononi anapungukiwa na 200,000 kuipata simu ile kwa taslimu. Akizitia shilingi 1,200 zile zile kila siku katika upatu pamoja na wenzake anaowaamini, zitatimia kwa siku 167, yaani miezi mitano na nusu. Atakaa na kitochi chake miezi mitano na nusu, kisha atakuwa na simu isiyo na mdai, na sehemu iliyobaki ya mwaka fedha zake zitakuwa zake. Mtu anayetaka simu kwa ajili ya kutazama mipira aweza kusubiri. Dereva wa bodaboda ambaye abiria wake humwita kwa programu ya simu, na ambaye bila ya simu hiyo humkosa abiria wa leo na wa kesho, huyo pengine hawezi, na kwake ile nyongeza ni gharama ya kazi kama ilivyo gharama ya petroli. Akiona kwa hesabu ya kweli kwamba simu itamwingizia kila siku zaidi ya itakachomgharimu, na achukue.

Najua wako wasikilizaji ambao kimoyomoyo wananiuliza: je, nyongeza hiyo si riba? Wanazuoni wengi wa fikihi wameruhusu bei ya muda izidi bei ya taslimu, maadamu bei iliyokubaliwa ni moja, yajulikana, na imetajwa kabla wawili hawajaachana. Walilolikataza ni deni kuongezwa kwa sababu mdeni amechelewa. Angalieni sharti lenyewe: bei ijulikane. Sasa mnunuzi anayetoka dukani akijua 1,200 na asijue 488,000, tuseme ameijua bei?

Na hapa ndipo ninapofika katika jambo ambalo kwalo nimeandaa mazungumzo haya. Aya iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, ni aya ya deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo, kisha inaweka utaratibu ambao kila niufikiripo hunistaajabisha: mwenye kutoa imla kwa mwandishi ni mdeni, si mdai. Yule auchukuaye mzigo ndiye ayatamkaye masharti yake, na mwandishi huyaandika yatokayo kinywani mwake. Na ikiwa hawezi kutoa imla mwenyewe, msimamizi wake humtolea kwa haki. Kwa nini mdeni? Mimi nafahamu hivi, kwamba mtu hawezi kulitamka asilolijua, na deni ambalo mdeni ameweza kulitamka mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya watu, halitamgeukia baadaye likawa kitu kigeni.

Lilinganisheni hilo na yanayotendeka dukani. Mkataba umeandikwa na mdai, pengine kwa lugha ambayo mdeni haisomi, kwa herufi ndogo juu ya kioo kidogo, nao ni mrefu kiasi cha kumchosha hata mwenye miwani mizuri. Fungu la mdeni ni kidole. Hiyo ndiyo sababu yule mama aliuliza amefungiwa na nani. Alikuwa amekubali kufungiwa, wala hakujua kwamba amekubali.

Basi ushauri wangu ni kwamba tuirudishe imla kwa mwenyewe. Siku utakapokwenda kuchukua simu ya mkopo, kabla hujagusa kwa kidole, mwambie muuzaji kwa upole: "Mwanangu, nisikilize mimi nikusomee mkataba wangu, na nikikosea nirekebishe." Kisha usome kwa Kiswahili chako, taratibu. Sema, simu hii kwa taslimu ni kadha, nami mpaka mwisho nitakuwa nimetoa jumla ya kadha, kwa siku kadha. Sema, siku nisipolipa, simu itafungwa saa kadha. Hapo simama kidogo, maana hapa pana mlango wa hasara: je, siku ile niliyoikosa husogezwa mbele tu, deni likabaki lile lile, au huongezwa faini? Mikataba miwili yaweza kufanana kwa kila kitu ikatofautiana kwa hili tu, na kwa mtu ambaye maisha yake yana misiba na homa, kama yetu sote, tofauti hii yazidi uzuri wa kamera.

Endelea kusoma. Nikipata fedha nikalipa yote mapema, nitapunguziwa kiasi gani? Simu ikiibwa, deni hufa au huendelea? Ikiharibika yenyewe, nani ataitengeneza, na siku inapokuwa kwa fundi wenu, nadaiwa au sidaiwi? Nikisha kumaliza, kufuli litaondolewa lini, na mtanipa hati gani ya kuonyesha kwamba sidaiwi? Simu hii itakubali laini ya mtandao wowote? Tangu mwezi wa Machi 2017 mtu wa Tanzania ana ruhusa ya kuhama mtandao akabaki na namba yake, lakini ruhusa hiyo yamfaa nini ikiwa simu yenyewe yakubali laini ya kampuni moja tu? Na mwisho, hii programu yenu itasoma majina ya watu waliomo simuni mwangu, na siku nikichelewa mtampigia shemeji yangu? Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyotungwa mwaka 2022, na mtu anayo haki ya kuuliza habari zake zinakwenda wapi.

Mahali muuzaji atakapogugumia, wasikilizaji, ndipo penye mkataba wenyewe. Pale panapojibiwa upesi hapana hatari kubwa. Pale anapotazama chini, akasema, "Hilo wewe usijali," hapo jali. Tena imla ile ile ipeleke duka la pili na la tatu, bila ya kubadili neno, nawe utaona jinsi majibu yanavyotofautiana.

Jambo moja la matumizi nisije nikalisahau. Kinachofungwa kwa kawaida ni simu, si laini. Namba yako, na fedha zako za kwenye simu, hufuatana na laini. Kwa hiyo usikiuze kitochi chako cha zamani wala usimpe mtoto akichezee. Kiweke na chaji, na namba za wateja ziandike katika daftari. Siku ya kufungwa, toa laini, itie katika kitochi, riziki yako isisimame. Laiti jirani yangu angalilijua hili kule Pangani, mwenye arusi angalipata habari zake kwa wakati.

Jirani yangu alilimaliza deni lile. Mwezi uliopita akanijia, akaniambia kwamba binti wa marehemu dada yake, anayemlea, amepata nafasi katika chuo cha uuguzi na anahitaji simu ya kusomea, naye angependa nifuatane naye dukani niwe shahidi. Tukaenda, duka lingine, kijana mwingine. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mama," akaanza kumtajia malipo ya siku.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu. "Keti kwanza, nikusomee."

Akamsomea, kwa sauti ile ile atumiayo kuwafundisha wasichana kipimo cha mchele na nazi na hamira, hasahau kitu. Kijana akajibu vizuri juu ya jumla, akajibu juu ya faini, akajibu juu ya laini. Walipofika kwenye wizi akanyamaza. Akasema atampigia mkubwa wake, akapiga, mkubwa naye akasema ataulizia.

"Haya," akasema mama, akakunja kanga yake, akaketi juu ya benchi. "Sisi tutangoja."

Tukangoja. Dukani mlikuwa na wateja wengine, nao walikuwa wamenyamaza wakisikiliza. Mwanamume mmoja kando yetu, ambaye alikuwa amekwisha kutoa kitambulisho na kidole chake kilikuwa karibu kugusa kioo, alikiinua kidole kile, akamgeukia aliyekuwa akimhudumia, akamwuliza, "Na mimi, jumla yangu ni ngapi?"